Kutoka Banda la Picha Hadi Kitabu cha Watoto: Mwongozo Kamili kwa Mchoraji wa Tingatinga

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wachoraji wenzangu wa Tingatinga, mtindo wetu wa Tanzania wa picha za rangi kali, unafanana kila mara. Mtu mkono wake mzuri, rangi zake zinaita, amechoka kusubiri watalii bandani. Amepiga picha kazi zake 20 au 30, tembo, twiga, ndege, soko la samaki, akamtumia mchapishaji wa vitabu vya watoto. Hakujibiwa. Akatuma tena. Kimya.

Nilikaa miaka 11 nikiuza picha Msasani, Dar es Salaam, kabla ya kuhamia kwenye vitabu, na mimi pia nilianza kwa kosa hilohilo. Picha ya ukutani inamaliza shughuli yake yenyewe: mtu anaiangalia, inamfurahisha, anailipia. Picha ya kitabu kazi yake ni kumfanya mtoto afunue ukurasa unaofuata. Mhariri akipokea tembo 30 wazuri, bado hajui kama unaweza kumchora tembo mmoja mara 12, akiwa na hasira, akiwa na njaa, akiwa anakimbia, na mtoto bado akamtambua kuwa ni yuleyule.

Basi usitume picha nzuri. Tuma hadithi moja kamili. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka huko.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usinunue kila kitu siku moja. Vya kuanzia ni hivi:

- Penseli za HB na 2B, raba laini, rula ya sentimita 30.
- Rimu moja ya karatasi nyeupe za A4 za kawaida. Utaharibu nyingi, na ndivyo inavyotakiwa.
- Karatasi nzito za rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa A3, kama 10. Karatasi nyepesi hujikunja ikilowa.
- Rangi za maji au akriliki. Rangi ya mafuta ya kopo, ile tunayopakia hadibodi, iache bandani. Sababu nitaieleza kwenye Hatua ya 6.
- Stepla na gundi.
- Simu yenye kamera safi, na fursa ya kutumia kompyuta hata ya kukodi kwa saa. Krita na GIMP ni programu za bure na zinatosha.
- Hadithi moja fupi.
- Watoto watano au sita wa miaka 5 hadi 8. Wa jirani wanafaa kuliko wako, maana wako watakusifu.

## Hatua ya 1: Panga miezi mitatu ya kazi isiyolipa

Usifunge banda. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndipo wengi wanapoumia: mtu anatangaza kwa marafiki kwamba sasa yeye ni mchoraji wa vitabu, anarudisha ufunguo, na mwezi wa pili anakopa nauli.

Tumia msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, watalii hupungua na banda hulala. Hiyo ndiyo miezi yako ya kujifunza. Kuanzia Juni hadi Oktoba uza picha kama kawaida na weka akiba ya kukutosha masika yanayofuata. Saa mbili za asubuhi kila siku, kabla hujafungua banda, zina faida kuliko siku nzima ya Jumapili ukiwa umechoka.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja kwa shilingi kiasi unachohitaji kwa mwezi, na kiasi hicho kipo pembeni mara tatu.

## Hatua ya 2: Chagua hadithi moja, fupi

Chukua hadithi ambayo haitakuingiza kwenye mgogoro wa hakimiliki. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni ngano za mdomo ulizosimuliwa na bibi yako; andika kwa maneno yako mwenyewe, usinakili kitabu cha mtu. Ya pili ni hadithi zenye leseni huria. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili, na StoryWeaver ya India nayo inazo. Humo unaruhusiwa kuchora upya picha za hadithi iliyopo, ila soma leseni ya kila hadithi na umtaje mwandishi wake. Ya tatu ni kutunga mwenyewe.

Kwa mwongozo huu nitatumia mfano wangu wa mazoezi: Mwanaidi amepoteza mbuzi wake asubuhi ya sikukuu, anamtafuta mtaa mzima, kumbe mbuzi anamfuata nyuma muda wote.

Hadithi isizidi maneno 400. Ikizidi, maneno yatakula nafasi ya picha, na wewe picha ndiyo unayotaka ionekane.

## Hatua ya 3: Igawe hadithi katika kurasa 24

Hapa ndipo kazi mpya inapoanza hasa. Tumia muda hapa kuliko mahali pengine popote.

Kitabu cha kubana kwa pini hutengenezwa kwa karatasi zinazokunjwa katikati, na kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne. Kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 16, 24, 32. Mchoraji akileta kitabu cha kurasa 21, mhariri anajua papo hapo kwamba hajawahi kukunja karatasi.

Chukua karatasi sita za A4, zikunje katikati, zipige pini. Una kurasa 24 mkononi. Andika namba kwa penseli. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu. Wa 2 ni wa taarifa za mchapishaji. Hadithi inaanza ukurasa wa 3, ambao uko kulia peke yake. Baada ya hapo una jozi 10 za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 22 na 23. Ukurasa wa 24 unabaki peke yake mwishoni. Jumla una matukio 12 ya kuchora. Si 13.

Sasa gawa hadithi katika matukio hayo 12. Kanuni iliyonisaidia mimi ni moja: swali likae kulia, jibu likae baada ya kufunua. Mwanaidi anasikia mlio nyuma ya ukuta, ukurasa wa 9. Mtoto anafunua. Ukurasa wa 10 ni cherehani ya fundi, si mbuzi. Ukiweka mlio na cherehani kwenye jozi moja, macho ya mtoto yatafika kwenye cherehani kabla mama hajamaliza kusoma, na hakuna tena cha kusubiri.

Jambo la pili, na hili sisi watu wa Tingatinga linatutesa: picha isirudie maneno. Maneno yakisema "Mwanaidi alimtafuta mbuzi kila mahali," usichore Mwanaidi akitafuta halafu basi. Chora Mwanaidi amechungulia ndani ya pipa, na nyuma yake mbuzi anatafuna khanga iliyoanikwa kambani. Maneno hayamtaji mbuzi. Mtoto ndiye anayemwona, ndiye anayepiga kelele "Yule pale!", na kuanzia hapo kitabu ni chake.

Tahadhari: usichore kitu muhimu, hasa uso, katikati ya jozi pale kurasa zinapokutana. Utamezwa na mkunjo. Katika kitabu cha kurasa 24, jozi ya 12 na 13 peke yake ndiyo karatasi moja isiyokatika. Nyingine zote ni nusu mbili za karatasi tofauti, na zikibanwa zinaweza kupishana kidogo. Ukiwa na picha moja kubwa inayovuka kurasa mbili, mahali pake salama ni hapo katikati.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mtoto atafunua kila ukurasa. Ukurasa usio na sababu, uunganishe na mwenzake au uutupe.

## Hatua ya 4: Mjue mhusika wako mpaka umchore gizani

Bandani tunachora twiga 15 kwa wiki, na kila mmoja ni twiga mwingine. Hakuna mnunuzi anayejali. Kwenye kitabu, pua ya Mwanaidi ikibadilika ukurasa wa 14, mtoto anauliza huyu ni nani.

Tengeneza karatasi ya mhusika, moja kwa kila mhusika mkuu. Iwe na Mwanaidi amesimama mbele, ubavuni na mgongoni. Nyuso sita (furaha, hofu, hasira, aibu, mshangao, usingizi). Na Mwanaidi karibu na mbuzi na karibu na mama yake, ili urefu wao usibadilikebadilike.

Angalia vipimo. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake kama saba na nusu. Mtoto wa miaka mitano ni kama vichwa vitano na nusu hadi sita. Wengi wetu tunachora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa, ndiyo maana watoto wetu wanaonekana wazee. Kaa nje ya geti la shule saa ya kutoka, chora mkao tu, si sura: mtoto anavyovuta begi, anavyosimama kwa mguu mmoja, anavyoinama kutafuta kiatu. Wiki mbili za hivyo zilinifundisha kuliko mwaka mzima wa kunakili.

Halafu mpe mhusika alama mbili au tatu ambazo hazibadiliki hata akiwa mdogo kabisa mbali. Mwanaidi ana gauni la njano na ndala za rangi mbili tofauti. Mbuzi ana sikio moja jeusi.

Mazoea yetu mengine ya bandani nayo yanahitaji kazi. Tunachora wanyama wakiwa ubavu, tunajaza kila upenyo kwa majani na nukta, na kila kiumbe ana uso uleule wa utulivu. Ubavu utaupunguza kwa kuchora tukio moja kutoka juu ya mti na jingine kutoka usawa wa macho ya mbuzi. Kujaza kila upenyo kunahitaji nidhamu: acha karibu robo ya kila tukio wazi, iwe anga au ukuta au mchanga, kwa ajili ya maneno. Ila usiutupe mkono wako. Mstari wako wenye nguvu, rangi zako zisizoogopana, na uzoefu wako wa wanyama ndivyo mhariri hatavipata kwa mtu aliyejifunza jana.

Utajua umefaulu mtu asiyekujua akichanganyiwa michoro yako 10, mingine ya Mwanaidi na mingine ya mtoto mwingine, akaitenga bila kukosea.

## Hatua ya 5: Kitabu cha mfano, na mtihani wa watoto

Sasa chora matukio yote 12 kwa penseli ndani ya kitabu kile ulichokunja, ambacho wachapaji hukiita dami. Usipake rangi. Andika maneno mahali yatakapokaa, kwa ukubwa atakaousoma mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha fanya jambo ambalo wengi wanaliruka kwa aibu. Funika maneno kwa vipande vya karatasi, mpe mtoto kitabu, mwambie akusimulie. Usimsaidie. Andika pembeni kila ukurasa aliokwama, kila aliofunua haraka, kila aliocheka. Rudia kwa watoto watano.

Mtoto mmoja akikwama, huenda ana njaa. Watatu wakikwama ukurasa uleule, ukurasa una kasoro. Dami yangu ya kwanza ilikwama kurasa nne. Niliudhika sana, nikaiweka chini ya godoro kwa wiki nzima. Nilipoirudia niliona kwamba watoto walikuwa sahihi kwenye kurasa zote nne.

Utajua umefaulu watoto wanne kati ya watano wakisimulia kisa kwa picha peke yake, na angalau mmoja akaomba arudie.

## Hatua ya 6: Maliza matukio mawili na jalada, basi

Usipake rangi kitabu kizima. Mhariri atataka mabadiliko, na kila ukurasa uliomaliza utakuuma kuubadilisha. Dami kamili ya penseli, jozi mbili zilizokamilika na jalada vinatosha. Chagua jozi zinazotofautiana: moja yenye watu wengi, nyingine ya mtu mmoja na hisia nzito.

Sasa sababu ya kuacha rangi ya mafuta. Inang'aa. Ukiipiga picha au kuiweka kwenye skana, inarudisha mwanga na kuacha madoa meupe ambayo hayatoki. Pia hadibodi haijikunji kuingia kwenye skana. Rangi za maji na akriliki isiyong'aa hazina tatizo hilo.

Ukubwa: ikiwa kitabu kitakuwa A4, jozi moja ni milimita 420 kwa 297. Ongeza milimita 3 kila upande wa nje, kwa kuwa mashine ya kukata haikati palepale kila mara. Picha yako iwe 426 kwa 303, na usiweke mkono wala kichwa cha mtu kwenye ukingo ule. A3 ni 420 kwa 297 kamili, kwa hiyo haitoshi ziada hiyo. Ama nunua karatasi kubwa zaidi, ama chora kila kitu kwa uwiano uleule kikiwa kidogo kisha ukikuze kwenye skana. Mimi nafanya la pili.

Tahadhari: usichore maandishi ndani ya picha. Bango la duka liandikwe "Duka" kwa tabaka la pekee kwenye kompyuta, yaani neno likae juu ya picha bila kuungana nayo, au liachwe bila neno. Kitabu kikitafsiriwa kwa lugha nyingine, mchapishaji hubadilisha wino mweusi wa maneno tu na kuacha rangi nyingine kama zilivyo. Neno ulilopaka kwa rangi nyekundu ndani ya picha humlazimu kuanza upya.

## Hatua ya 7: Ingiza kwenye kompyuta

Skani kwa nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wa mwisho. Kwa jozi ya A4 yenye ziada, hiyo ni pikseli 5,032 kwa 3,579. Chini ya hapo, mistari itaonekana na ukungu ikichapwa.

Kama skana hakuna, piga picha nje kivulini saa mbili asubuhi, kazi ikiwa imesimama wima, simu ikiwa usawa wa katikati yake. Hiyo inatosha kwa kuombea kazi. Kwa uchapaji haitoshi.

Kioo cha simu hutoa rangi kwa mwanga. Mashine ya uchapaji hutoa kwa wino wa samawati, magenta, njano na nyeusi. Kijani kikali na rangi ya chungwa inayowaka hupoa zikichapwa. Lipia nakala moja ya rangi kwenye duka la uchapaji kabla hujatuma popote, uone mwenyewe.

## Hatua ya 8: Peleka

Tengeneza faili moja la PDF: jalada, jozi mbili za rangi, karatasi ya mhusika, dami nzima, na ukurasa mmoja wa jina, simu na kazi zako nyingine tatu. Lisizidi megabaiti 10. Barua iwe fupi: wewe ni nani, hadithi inahusu nini kwa sentensi mbili, ni ya umri gani, na kwamba uko tayari kuchora miswada ya waandishi wengine. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko unavyodhani. Mara nyingi mhariri ana mswada mezani na anatafuta mkono. Atapenda uchoraji wako na kuacha hadithi yako. Ikubali kazi hiyo kwa furaha.

Dar es Salaam wapo wachapishaji wanaotoa vitabu vya watoto, miongoni mwao Mkuki na Nyota na E&D Vision. Nenda dukani kwanza, ushike vitabu vyao, uone ukubwa wanaopenda. Tuma kwa watatu au wanne. Kumbusha mara moja baada ya wiki sita.

## Hatua ya 9: Soma mkataba kabla ya kusherehekea

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, michoro ni mali yako tangu unapoichora, na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Mkataba ndio unaoweza kuiondoa. Soma haya manne:

Mkupuo au mrabaha. Mkupuo ni malipo ya mara moja. Mrabaha ni sehemu ya kila nakala inayouzwa, na kwa kitabu cha picha kwa kawaida mwandishi na mchoraji hugawana. Uliza mrabaha unapigwa kwenye bei ya jalada au kwenye fedha inayomfikia mchapishaji. Tuseme kitabu ni shilingi 6,000 na fungu lako ni asilimia 5. Kwa bei ya jalada unapata 300. Duka likipewa punguzo la asilimia 40 na hesabu ikapigwa kwa kilichobaki, unapata 180. Kwa kitabu cha kwanza mimi ningechukua mkupuo mzuri, mradi haki za matumizi zina kikomo.

Malipo yaje lini. Omba theluthi ukisaini, theluthi michoro ya penseli ikikubaliwa, theluthi ukikabidhi. Niliwahi kukubali kulipwa yote "kitabu kikitoka". Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili.

Marekebisho. Iandikwe ni mara ngapi bila malipo ya ziada. Mbili kwa penseli na moja kwa rangi ni haki.

Michoro halisi. Iandikwe kwamba karatasi zenyewe zinabaki zako na zitarudishwa. Ni mali ya kuuza, na wateja wako wa banda watazipenda.

Jina lako liwe kwenye jalada, si ukurasa wa ndani peke yake. Kazi isajili pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Usajili si sharti la kuwa na haki, ila ukifika kwenye ugomvi unakupa ushahidi wa tarehe.

## Hatua ya 10: Kuondoka bandani

Mkataba wa kwanza usikuondoe. Subiri wa pili, na usubiri uone theluthi ya mwisho ya wa kwanza ikiingia kwenye akaunti. Kisha punguza siku: acha banda Jumatatu hadi Jumatano, baki Alhamisi hadi Jumapili wanapopita wateja wengi. Mpe nafasi yako ya siku hizo kijana anayeanza, mkubaliane kwa maandishi juu ya kodi.

Waage wateja wako wa kudumu mmoja mmoja, uwaambie unachofanya sasa. Mnunuzi wangu wa kwanza wa michoro halisi ya kitabu alikuwa mama mmoja aliyeninunulia pundamilia miaka sita kabla. Alichukua ukurasa wa 12 na 13.